Nusu Tone

Kazi ya maabara huanza kwa kuosha. Mwalimu wa kemia na fizikia ninayemwandika hapa hufika mapema, wanafunzi wakiwa bado wanafagia uwanja, na jambo la kwanza analofanya ni kutoa bureti kabatini, moja baada ya nyingine, na kuzipitisha maji. Bureti ni bomba jembamba la kioo lenye mistari kuanzia 0 juu hadi 50 chini, na koki ndogo mwishoni. Anamimina maji ya sabuni, anailaza bureti karibu usawa wa meza, anaizungusha taratibu ili maji yapite ukuta wote wa ndani, kisha anafungua koki. Anasuuza. Halafu anaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa muda.

Anachotafuta ni matone. Kioo safi huacha maji yashuke kwa utando mmoja usiokatika. Kioo chenye mafuta, hata yale ya alama ya kidole, hukata utando huo, na maji yakabaki matone matone yamegoma ukutani. Matone hayo yakiachwa, kipimo kitakachosomwa baadaye hakitakuwa cha kweli, kwa sababu sehemu ya asidi itakuwa imekwama juu huku mistari ikisema imekwisha kutoka. Akiona tone moja tu limebaki, anarudi kwenye sabuni. Bureti iliyofaulu inasimamishwa kichwa chini kwenye stendi ijichuje yenyewe. Haifutwi kwa kitambaa, maana kitambaa huacha nyuzi.

Tuko Mkwaja, wilaya ya Pangani, kwenye ufuko ulio kati ya mji wa Pangani na Saadani. Vioo hivi vilivuka mto Pangani kwa pantoni, vikashushwa Bweni, vikafuata barabara ya kusini vikiwa vimeviringishwa ndani ya mashuka. Anayejua safari hiyo anaelewa kwa nini mwalimu huyu hashiki bureti kwa mkono mmoja.

Baada ya vioo, maji. Kisima cha pwani hakiaminiki maabara, hata kama kinanyweka. Anachukua testitubu mbili, moja anatia maji ya kisima, nyingine maji ya betri, yale yanayouzwa madukani kwa mafundi wa magari. Kutoka kwenye chupa ya kahawia anadondosha naitreti ya fedha, matone mawili kila upande. Upande wa kisima unageuka mweupe papo hapo, wingu zito linalotuama chini polepole: fedha imekutana na kloridi, yaani chumvi ya bahari iliyopenya ardhini. Upande wa maji ya betri unabaki mwangavu. Kila dumu jipya linapita kwenye kipimo hiki kabla halijaruhusiwa kuingia kwenye kazi, na dumu likishindwa linapelekwa kuoshea sakafu.

Wingu lile analijua kwa undani. Mwaka wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akisomea sayansi na ualimu, utafiti wake ulihusu chumvi katika maji ya visima, na njia aliyoitumia ni ile ambayo Karl Friedrich Mohr, mkemia wa Ujerumani, aliieleza mwaka 1856. Ndani ya maji ya kisima unatia kromati ya potasiamu kidogo, yakawa ya njano. Unadondosha naitreti ya fedha kutoka kwenye bureti. Fedha inaishika kloridi kwanza, na muda wote huo unaona weupe tu. Kloridi ikiisha, fedha haina pengine pa kwenda, inaishika kromati, na rangi nyekundu ya tofali inaanza kutokea. Kazi yote ni kusimama pale wekundu unapokataa kupotea. Naitreti ya fedha ikigusa ngozi huacha doa jeusi ambalo sabuni hailiwezi, linaisha ngozi ya juu inapobanduka. Kwa miezi ya utafiti ule, aliniambia, vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi, na abiria kwenye daladala za Mlimani walidhani ni piko.

Si yeye wa kwanza kupima kitu kwa ajili ya Mkwaja. Ranchi kubwa ya ng'ombe iliyokuwa hapa tangu miaka ya 1950 ilisimama katikati ya nchi ya mbung'o, na ng'ombe wake wa aina ya Borani waliishi kwa dawa ya kinga dhidi ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, dawa inayokadiriwa kwa uzito wa mnyama. Kituo cha Kimataifa cha Mifugo cha Afrika kiliandika ripoti nzima juu ya ng'ombe hao mwaka 1985. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, ardhi yake ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa 2005, na watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich wakaja kupima naitrojeni na fosforasi kwenye nyasi na udongo, kutaka kujua ng'ombe waliacha nini nyuma na migunga inaongeza nini. Wanafunzi wa hapa wamezaliwa juu ya ardhi iliyowahi kupimwa kwa gramu. Napenda kwamba wanafundishwa na mtu anayejua gramu inavyopatikana.

Nayo gramu haipatikani kirahisi kando ya bahari. Ili kujua ukolezi wa asidi, lazima uwe na kitu cha upande wa pili ambacho uzito wake unaaminika. Mwanafunzi angefikiria kostiki soda. Mwalimu anatoa tembe moja ya kostiki kwa koleo ndogo na kuiweka juu ya kioo cha saa, mezani, bila kusema neno, kisha anaendelea na mambo mengine. Ukirudi kuitazama baada ya dakika chache, kingo zake zinang'aa. Baadaye kidogo imekaa ndani ya kidimbwi chake. Imekunywa unyevu wa hewa, na pamoja na unyevu inameza kabonidayoksaidi. Ukiiweka kwenye mizani, unapima kostiki pamoja na upepo wa bahari, na huna njia ya kuvitenganisha.

Kwa hiyo anatengeneza kaboneti ya sodiamu, na anaitengeneza kutoka kwenye bikaboneti. Jikoni kila mtu anaijua, ila kopo linasomwa kwa makini: lazima iwe bikaboneti tupu, isiwe baking poda, ambayo imechanganywa na wanga na asidi kavu. Anafunga madirisha kwanza. Mizani yake ya umeme inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na upepo wa kusi ukipita juu ya sahani yake, tarakimu ya mwisho inarukaruka. Anaweka bakuli la kauri, anaandika uzito wake, kisha anaongeza unga kwa ncha ya kijiko. Anapokaribia, haongezi tena kwa kijiko, bali anagonga mpini wa kijiko kwa kidole cha shahada ili punje chache zidondoke. Gramu 10.00. Anasubiri tarakimu zitulie kabla ya kuziandika.

Bakuli linakwenda juu ya jiko la gesi, ndani ya sufuria iliyojaa mchanga mkavu, ili moto usiliguse moja kwa moja. Kwa muda hakuna kinachoonekana. Kisha unga unaanza kuchemka ukiwa mkavu: vishimo vidogo vinafunguka na kufunga juu ya uso wake, mvuke na gesi vikitafuta njia ya kutoka. Anaukoroga kwa kijiti cha kioo, pole sana, maana punje ikiruka nje ya bakuli hesabu imeharibika. Vishimo vinapungua, vinakoma. Mtu mwingine angesema imeiva. Yeye anazima jiko na kulihamishia bakuli kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko cha kubana, ambacho chini yake kuna punje za silika za kunyonya unyevu, na hapo analiacha lipoe.

Kupoa huku hakuharakishwi. Bakuli la moto likiwekwa kwenye mizani, hewa inayolizunguka inapata joto na kupanda, inalinyanyua kidogo, na mizani inasoma pungufu. Bakuli likiachwa wazi lipoe mezani, unga unaanza tena kunywa unyevu, na mizani inasoma zaidi. Kati ya makosa hayo mawili kuna njia moja tu, nayo ni kufunika na kungoja. Wakati anangoja anaandika lebo za chupa, kwa penseli, juu ya plasta nyeupe: jina, ukolezi, tarehe.

Uzito wa kwanza baada ya kupoa: gramu 6.48. Anarudisha bakuli kwenye mchanga wa moto, anarudia kila hatua. Gramu 6.33. Mara nyingine tena. Gramu 6.31. Hapo nilidhani tumemaliza, maana hesabu ya kitabuni inatoa namba hiyohiyo: gramu 168 za bikaboneti huacha gramu 106 za kaboneti, kwa hiyo gramu 10 huacha 6.31. Yeye alijua hivyo kabla yangu, na bado alilirudisha bakuli jikoni. Alipopata 6.31 kwa mara ya pili mfululizo, ndipo alipoandika neno moja daftarini, "imetulia", na kupiga mstari chini yake.

Kutoka kwenye unga huo anapima gramu 5.30. Anaziyeyusha kwenye bika, anamimina kupitia faneli kwenye chupa ya lita moja yenye shingo nyembamba na alama moja shingoni. Bika inasuuzwa, maji ya suuza yanaingia chupani. Inasuuzwa tena, yanaingia. Faneli nayo inasuuzwa. Hakuna punje inayoruhusiwa kubaki nyuma. Maji yakifika karibu na alama, anaacha kumimina, anainama mpaka jicho lake liwe sawa na shingo ya chupa, na anamalizia kwa kidondoshi. Uso wa maji ndani ya kioo chembamba hujipinda, katikati chini na pembeni juu, na ni ule upinde wa chini unaopaswa kuugusa mstari. Kisha anaziba, anaipindua chupa na kuirudisha, anapindua na kurudisha, mara nyingi kuliko ninavyoona lazima, mpaka ile mikunjo hafifu inayocheza ndani ya maji, kioevu kizito kikipita ndani ya chepesi, imetoweka kabisa. Moli 0.05 kwa lita.

Asidi anaipima varandani, upepo ukiwa mgongoni kwake. Chupa ya asidi kali ya haidrokloriki ikifunguliwa kwenye hewa yenye unyevu kama hii hutoa ukungu mweupe mdomoni. Sentimita za ujazo 8.6 zinaingia kwenye maji ambayo tayari yapo ndani ya chombo, asidi juu ya maji na kamwe si maji juu ya asidi, kisha zinaongezwa maji hadi lita moja. Hiyo ni asidi ya takriban moli 0.1. Takriban, kwa sababu asidi kali hupoteza gesi kila inapofunguliwa. Ukweli wake ndio wanafunzi wanaoutafuta leo.

Wanaingia kidato cha nne. "Shikamoo Madamu." "Marahaba. Mikono mmeosha?" Wanasimama wawili wawili, na somo linaanza tena kwa kuosha, ila safari hii lina fumbo ndani yake. Vyombo vitatu viko mezani, vyote vimeshasuuzwa kwa maji ya betri, vyote bado vina unyevu. Bureti inasuuzwa mara nyingine kwa asidi yenyewe. Pipeti inasuuzwa kwa kaboneti yenyewe. Chupa pana ya chini, ile ya kuchanganyia, haisuuzwi kwa chochote isipokuwa maji. Mwalimu hatoi jibu. Anauliza kila meza kwa nini, na anangoja.

Msichana mmoja alijibu vizuri mno, akionyesha kwa kidole kila chombo. Bureti na pipeti zinabeba kipimo, kwa hiyo maji yaliyobaki ndani yangeipunguza makali asidi au kaboneti kabla haijapimwa. Chupa ya chini inapokea kile kilichokwisha kupimwa. Maji ndani yake hayaongezi wala hayapunguzi kaboneti, lakini ukiisuuza kwa kaboneti umeingiza ziada ambayo hakuna aliyeihesabu. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali na kwenda meza inayofuata. Karatasi ya mtihani itaandikwa Kiingereza na watajibu kwa Kiingereza, lakini hoja hii ilitoka kwa Kiswahili, na ilitoka nzima.

Pipeti inajazwa kwa mpira wa kuvutia mpaka juu ya alama, kisha kioevu kinashushwa taratibu mpaka upinde uguse mstari wa 25. Kinaachiwa ndani ya chupa, ncha ya pipeti ikigusa ukuta. Tone dogo linabaki ndani ya ncha. Mvulana mmoja alitaka kulipuliza litoke. Mwalimu alimshika kifundo cha mkono kwa upole. Waliotengeneza pipeti hiyo walilihesabu tone hilo kuwa halitoki, na ukilipuliza umezidisha.

Matone mawili ya methili oranji, na kaboneti inakuwa ya njano. Chini ya chupa kigae cheupe. Bureti imejazwa asidi, koki imefunguliwa kwa kasi kidogo ili kiputo cha hewa kilichojificha kwenye ncha kitoke. Sasa mikono. Mkono wa kushoto unaizunguka bureti kutoka nyuma na kushika koki kwa vidole vitatu, ukiivuta kidogo kuelekea kiganjani ili isichomoke. Mkono wa kulia unaishika shingo ya chupa na kuizungusha, kiwiko kimetulia, kifundo tu ndicho kinachofanya kazi. Macho hayaangalii bureti. Yanaangalia rangi.

Mwanzo asidi inaweza kushuka mfululizo. Kila inapotua, wekundu unatokea na kuyeyuka mara moja ndani ya njano. Baadaye wekundu unachelewa kuyeyuka, na hapo mkono mzuri hupunguza mwendo bila kuambiwa. Tone. Zungusha. Tone. Zungusha. Mwalimu alichukua zamu moja ili waone, na nikasogea karibu. Njano ilikuwa imeanza kupoteza uchangamfu wake, haijawa rangi ya chungwa. Tone zima lingeweza kuipitiliza hadi nyekundu. Akaigeuza koki kwa kiasi ambacho sikuona kidole kikisogea, na kwenye ncha ya bureti likajitokeza tone dogo, likakua, na kabla halijajaa akafunga. Likabaki linaning'inia. Akainua chupa, akaligusisha ukutani, akalisukuma chini kwa maji kidogo kutoka kwenye chupa ya kubonyeza. Akazungusha mara moja. Chungwa, na ikabaki chungwa.

Hiyo ni nusu tone. Bureti haina mstari wa kuionyesha, maana mistari yake ni ya kila sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo, na jicho linajitahidi kusoma nusu ya hapo. Kitendo hiki kimepita mikononi mwa watu wengi tangu Descroizilles wa Rouen, mwishoni mwa karne ya 18, alipoanza kupima kwa bomba lenye mistari nguvu ya dawa za kung'arisha nguo viwandani. Mkono niliouona Mkwaja ungeheshimiwa katika maabara yoyote duniani, na nasema hivyo nikiwa nimeona maabara zenye vifaa vya bei kubwa na mikono yenye haraka.

Meza moja ilipata jaribio la kwanza la kukadiria 25.10, kisha 24.60, 24.65 na 24.60. Wastani ni 24.62, na hesabu inatoa moli 0.102 kwa lita: takriban ya asubuhi imepata jina lake halisi. Meza ya jirani ilikuwa na 24.65, 23.90 na 24.60, na kijana aliyeshika kalamu alikuwa ameshachukua kifutio.

"Usifute," mwalimu akamwambia. "Piga mstari mmoja juu yake, isomeke. Pembeni andika sababu. Kama hujui sababu, andika hujui."

Akawaacha wenyewe wafikiri. Baada ya kunong'ona kwa muda wakaigundua: safari ile walisahau kuondoa faneli juu ya bureti. Asidi iliyobaki ndani ya faneli ilidondoka baada ya wao kusoma mwanzo, ikainua kiwango, na asidi iliyotumika ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Wakaliandika hilo pembeni ya 23.90.

Kanuni hiyo ya kutofuta ina historia katika mkoa huu. Mwaka 1963, juu milimani Lushoto, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba aitwaye Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yanachemshwa na sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye friza. Nafasi ilikuwa inagombaniwa, Mpemba akaweka yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Akalibeba swali lake hadi sekondari ya Mkwawa, Iringa, na siku Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza na wanafunzi, akalisimamisha mbele ya wote. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar na kumwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, na kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Katika kisa hicho wengi humsifu mwanafunzi, na anastahili. Mimi humfikiria pia fundi yule asiyetajwa jina, ambaye hakuamini alichokiona na hata hivyo alikileta kilivyo. Ubishi nao unaendelea. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walionyesha huko Uingereza kwamba kipimajoto kikiwekwa sentimita moja tu juu au chini ya pale kilipopaswa kuwa, tofauti hiyo peke yake inaweza kuzaa matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada waliiona athari hiyo bila shaka, si kwenye maji ya kuganda bali kwenye chembe ndogo mno ndani ya maji. Mwalimu huyu anawafundisha wanafunzi wake yote mawili, na kila wanapotumia kipimajoto anawataka waandike kina kilipofika, kwa milimita.

Mchana ni fizikia, na vifaa vinakuwa vya hapa hapa. Pendulamu inatengenezwa kwa uzi mwembamba usiovutika, si mshipi wa nailoni, kwa sababu nailoni hurefuka ikibeba uzito. Mwishoni linafungwa chubwi la risasi, lile la wavuvi. Juu, uzi haufungwi kwenye msumari. Ukifungwa kwenye msumari, huuzunguka kidogo kila upande na urefu unabadilika kila unapobembea. Unabanwa kati ya nusu mbili za kizibo kilichopasuliwa, ili ujue kwa hakika unapokunjika. Urefu unapimwa kutoka hapo hadi katikati ya chubwi: mita 1.000, imesomwa na watu wawili kila mmoja peke yake.

Chubwi linavutwa pembeni kidogo tu. Ukilivuta pembe ya nyuzi 10, kila mbembeo unachelewa karibu sehemu mbili kwa elfu, na kosa hilo linakaribia ukubwa wa jambo lenyewe wanalolitafuta. Maana kitabu kinaandika mchapuko wa mvutano kuwa 9.8, au hata 10 kwa urahisi wa hesabu. Mkwaja iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, usawa wa bahari, na hapa namba ni 9.78. Ulaya ni 9.81, na kwenye ncha za dunia 9.83. Mwaka 1672 Jean Richer alisafirisha saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, akaikuta inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Ilibidi aufupishe mkono wake kwa karibu milimita 3. Huko ndiko ilikoanza kujulikana kwa vipimo kwamba dunia imetuna katikati.

Wanahesabu mibembeo 50. Stopuwochi haibonyezwi chubwi likiwa mwisho wa mbembeo, ambako linasimama kidogo na jicho halijui lini hasa. Inabonyezwa linapopita katikati, mbele ya alama ya chaki, ambako lina kasi kubwa kuliko kote na sekunde ya kupita ni dhahiri. Maabara yote ikanyamaza isipokuwa sauti za kuhesabu.

Majibu yakapanda ubaoni. Meza ya kwanza, sekunde 100.4, inayotoa 9.79. Meza ya dirishani, 100.5, inayotoa 9.77. Meza ya nyuma, sekunde 98.4, inayotoa 10.19.

Mwalimu aliitazama ile 10.19 kwa muda mfupi. Hakuomba kuona uzi wala hakupima urefu upya. Nilimwona akiandika hesabu fupi pembezoni mwa daftari lake: 50 kugawa kwa 49, kipeo cha pili, mara 9.78. Ikatoka 10.18. Akaenda meza ya nyuma.

"Chubwi lilipopita mara ya kwanza, mlisema namba gani?"

Wakatazamana. "Moja, Madamu."

"Na saa ilikuwa imeshatembea?"

Aliyeshika stopuwochi akafungua mdomo, akaufunga, kisha akaanza kutabasamu. Mwenzake akapiga mstari mmoja juu ya 98.4, akaandika pembeni kwamba walianza kuhesabu kwa moja badala ya sifuri, hivyo mibembeo ilikuwa 49. Wakalivuta chubwi pembeni kidogo, wakaliachia, wakaliacha lipite mara kadhaa mpaka lilipotulia kwenye mstari wake, na linapopita mbele ya chaki wakasema kwa pamoja: sifuri.